Uhuru wa Mtu Mmoja

Ipo siku moja ya Februari ambayo nikiikumbuka, mwanangu, huona haya hata nikiwa peke yangu chumbani. Sikuwa kijana wa umri. Nilikuwa nimevuka hamsini na mvi zimeanza kunitoka, lakini kwa jambo hili ninalotaka kukueleza akili yangu ilikuwa bado changa sana.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, tukiishi Malvern, huku mashariki mwa Toronto. Tangu tuhamie kutoka Tanga nilikuwa kibarua, kisha fundi, katika kiwanda cha vipuri vya magari. Nilijibana, nikamaliza mkopo wa nyumba, nikanunua na nyingine mbili ndogo za kupangisha. Kodi ilipoanza kutosha, nikaacha kazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Mama Upendo, kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni mtu huru, sina bosi tena. Alinipa hongera, halafu akaenda kupiga pasi sare yake ya kesho.

Yeye alikuwa akifanya kazi jikoni, katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Alitoka alfajiri, akapanda mabasi mawili, akarudi jioni miguu imevimba. Mshahara wake ndio ulionunua chakula na kulipa umeme. Bima ya kazini kwake ndiyo iliyonipatia hata dawa zangu za presha. Kodi za wapangaji nilizipeleka benki, nikaziita akiba yetu. Goti lilipoanza kumsumbua, aliniuliza kama angeweza kupunguza siku za kazi. Nilimwambia avumilie kidogo, tusije tukaigusa akiba. Hakuuliza tena, nami nikadhani tumekubaliana.

Na huo uhuru wangu, mwanangu, ulikuwa hivi: naamka jua limeshapanda, nakwenda kwenye jengo la maduka, nakunywa kahawa na wanaume wenzangu, tunajadili siasa za nyumbani mpaka mchana. Nikitoka pale sina pa kwenda. Kuna siku niliosha gari ambalo nilikuwa nimeliosha jana yake. Hilo sikumwambia mtu.

Basi umoja wetu wa Watanzania ukaniomba nizungumze na vijana, niwaeleze jinsi ya kujikomboa kifedha. Nilivaa suti. Ukumbi ulijaa Jumamosi ile, na kwenye kiti cha mbele alikaa Mzee Nurali, Mhindi wa Tanga aliyewahi kuuza vitambaa kule kwetu na baadaye akafungua duka hapa. Alikuwa ameshastaafu, akikaa na wanawe Unionville, na Kiswahili chake kilitushinda wengi. Nilimheshimu kama kaka mkubwa.

Nilizungumza vizuri, sikufichi. Niliwaambia wasikubali kuwa watumwa wa saa ya kuingia kazini. Niliwaambia, nitazameni mimi. Nilipomaliza, binti mmoja akanyoosha mkono. Aliitwa Neema, mwanafunzi, na mwisho wa juma alifanya kazi jikoni kule kule kwa mke wangu. Wala hakuwa na nia mbaya.

"Shikamoo, baba. Mimi nafanya kazi na Mama Upendo. Na yeye atastaafu lini?"

Nilicheka. Nikasema, "Mama yenu anapenda kazi. Ukimwachisha atakonda."

Watu wakacheka pamoja nami. Hapo ndipo nilipomwona mke wangu. Alikuwa amefika kutoka kazini, koti juu ya sare, akipanga sahani kwenye meza ya nyuma kwa ajili ya chakula cha vijana. Alinitazama kidogo tu. Kisha akainama, akaendelea kupanga sahani, na kila alipozunguka meza aliishikilia kwa mkono ili goti lisibebe uzito. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo. Nyumbani sikuwa naangalia.

Baada ya chakula niliwapakia mke wangu na Mzee Nurali kwenye gari, nimpeleke kwanza mzee kwake, maana hakuwa akiendesha tena wakati wa theluji. Mke wangu alikaa nyuma. Hatukufika mbali, akalala. Mzee Nurali akageuka akamtazama, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Upendo, mimi niliuza duka nikasema nimepumzika. Mke wangu aliendelea kunipikia, kunifulia, kupokea wageni wangu. Nilikuja kushtuka yuko hospitali, na hakutoka. Wewe wako huyu hapa. Usiwafundishe watoto uhuru mpaka huyu naye apate kulala anapotaka."

Nilishika usukani nikatazama barabara, na masikio yananiwaka.

Siku iliyofuata nilimwomba radhi Mama Upendo. Nikamwambia aache kazi mara moja, nimeshaamua, nitauza nyumba moja. Nilidhani atafurahi. Alivua miwani akanitazama.

"Umeshaamua," alisema. "Ulipoacha ya kwako uliamua mwenyewe, sasa unaamua na ya kwangu. Mimi sitaki unionee huruma. Nataka uniulize."

Basi nikamuuliza, na haikuwa rahisi, maana sikuwa nimezoea kungoja jibu lake. Akaniambia masufuria mazito yamemchosha na mabasi ya alfajiri yamemchosha. Lakini kazi ya kuwalisha wale wazee anaipenda, na hataki kuiacha kabisa. Alitaka siku mbili kwa juma, si tano. Kumbe maneno yangu ukumbini yalikuwa na chembe ya ukweli, ila sikuyasema kwa kuwa namjua. Niliyasema ili watu wacheke.

Tuliuza nyumba moja, naye akapunguza siku. Mimi nikajifunza kupika wali usioungua, na kumpeleka kazini kwa gari. Asubuhi moja akaniambia niingie ndani. Kulikuwa na bibi kutoka Mwanza aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote, kimebaki Kiswahili, na siku ambazo mke wangu hayupo hakuna aliyemwelewa. Nikaketi mbele yake. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nimestaafu.

"Basi una nafasi," akasema. "Nisogeze dirishani."

Nikamsogeza. Nilirudi kesho yake, na tangu hapo niliendelea kwenda miaka mingi, kwake na kwa wengine waliomfuata, nikiwatafsiria kwa wauguzi, na mara nyingi nikikaa nao tu. Sikulipwa, wala sikuangalia saa.

Mama Upendo alinisamehe, lakini alichukua muda wake, nami sikumharakisha. Vijana wale wa ukumbini sikupata kuwakusanya tena. Wametawanyika, wengine Calgary, wengine Uingereza, na huenda wamo wanaume miongoni mwao wanaoishi kwa maneno yangu. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo, na ndiyo sababu nakueleza wewe.

Mwanangu, weka akiba, lipa madeni yako, jitegemee. Hayo sijayakataa. Ila siku utakayosema umekuwa huru, angalia nyumbani mwako nani bado anaamka gizani ili wewe ulale. Muulize anataka nini, umngoje mpaka ajibu. Na kazi ikiisha, usikae ukisubiri watu wakusifu kwa kupumzika. Tafuta mtu mmoja anayekuhitaji, uende kwake, ukaanze na jambo dogo atakalokuomba.

Mungu akupe riziki ya kukutosha wewe na walio wako. Akupe mwenza wa kuzeeka naye, na macho ya kumwona angali karibu. Na uzee wako, ukifika, usiwe na siku kama ile yangu.