Sweta Jeusi Lililonishinda Kununua

Mjukuu wangu anafuma masweta kwa mashine pale Ilomba, Mbeya. Baridi ya huku inajulikana, kwa hiyo sikuwa na shaka naye. Akafungua duka kwenye simu. Watu wakaingia wengi, wakachagua, wakatia kwenye kikapu cha humo humo kwenye simu. Wakifika kulipa, wanapotea.

Binti yangu, mama yake, akachoka kungoja. Akasema baridi ikiisha hali ni hii hii, mashine inauzwa na mtoto anarudi nyumbani Iringa. Mtoto hakulia. Mimi niliyekwenda kumtembelea ndiye niliyekosa usingizi.

Asubuhi nikamwambia, "Lete simu. Nataka sweta."

"Bibi, si nikupe tu?"

"Sijaomba. Nanunua. Na wewe kalia mikono yako."

Akaikalia. Nikachagua jeusi lenye vifungo vikubwa. Hapo vizuri. Nikabonyeza kulipa, simu ikataka nifungue akaunti. Ikataka imeili. Ikataka neno la siri, nikaandika, ikalikataa, eti halina namba. Nikatia namba. Ikauliza mtaa, namba ya nyumba, sanduku la posta. Kwetu Igowole nyumba yangu haina namba, ina mlango. Nikaruka hapo, ikaandika maneno mekundu, ikanirudisha mwanzo. Kikapu kitupu.

Nikaiweka simu mezani. "Nimeondoka."

"Umeondoka wapi, Bibi, na umekaa hapo?"

"Dukani kwako. Nimeenda kwa jirani, ana masweta mabaya lakini anauza."

Akacheka, halafu akanuna. "Fundi aliyenitengenezea duka alisema maduka yote ya simu yako hivyo. Mteja mwenye nia atajaza."

"Nia nilikuwa nayo. Na mzigo kufika Igowole ni shilingi ngapi?"

"Inaonyesha mwishoni."

"Huo mwisho nimeufikia?"

Akainuka kufunga mzigo wa mteja mmoja wa Iringa aliyekuwa amempigia simu. Akashika kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya mfuko kama tunavyoandika wote tukituma kitu kwa basi: jina, namba ya simu, stendi ya kushukia. Hayo tu. Akasimama na kalamu mkononi, anautazama ule mfuko.

"Bibi," akasema taratibu, "mbona mimi mwenyewe sihitaji zaidi ya haya?"

"Unaniuliza mimi?"

Siku hiyo hiyo akamwita fundi. Akaunti ikatolewa, imeili ikatolewa, namba ya nyumba ikatolewa. Yakabaki yale matatu ya kwenye mfuko. Na nauli ya mzigo ikawekwa pale pale chini ya bei, mtu aione kabla hajajisumbua. Nikajaribu tena, safari hii sikuulizwa ujinga. Nikalipa.

Baridi ilipokaribia kuisha, binti yangu akaja kutoka Iringa na mtu wa kuinunua mashine. Wakamkuta mtoto anafuma mkono wa sweta, hakuweza hata kuinuka kuwaamkia. Akawaambia wakae, kuna mzigo unawahi basi. Wakakaa. Yule mnunuzi alikunywa chai, akaondoka na sweta.

Langu jeusi nililichukua stendi Igowole. Kifungo cha juu kilikuwa kinalegea. Nikampigia mjukuu wangu simu nikamwambia.