Nilipokuwa Mdomo wa Safia

Harufu ya gundi ya muhogo ikichemka polepole juu ya sigiri, jiko letu la mkaa, ndiyo inayonirudisha Kisugu. Ni harufu nzito yenye uchachu kidogo, kama uji uliosahauliwa. Aliyeipika gundi hiyo ni shangazi Rukia, mdogo wake baba, katika likizo moja ambayo mvua ilinyesha kila alasiri na kuuacha mteremko mzima wa mtaa wetu uking'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Shangazi alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa, na sasa alikuwa amerudi chuoni kusomea elimu maalumu, ili afundishe watoto wasiosikia. Chuo kilikuwa upande wa pili wa jiji, nyuma ya kilima cha Naguru, kwa hiyo alihamia kwetu na sanduku moja la nguo na maboksi mawili ya makaratasi. Asubuhi alikwenda darasani. Mchana alikata picha kwenye kalenda kuukuu, akazibandika kwenye vipande vya katoni za sabuni na kuzianika barazani: ng'ombe, kitanda, jua, mwavuli, chupa ya chai. Nilikuwa na miaka tisa. Nikizitazama picha zile zimelala kimya kwenye saruji yenye unyevu, niliona kana kwamba vitu vyote vya dunia vimekuja barazani kwetu kupumzika.

Picha zile zilikuwa za Safia, mdogo wangu wa miaka sita. Homa kali ilimpata akiwa bado anatambaa, na ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Mama alikuwa dukani na baba tangu asubuhi hadi magharibi, kwa hiyo tuliomlea siku zile ni Bibi na mimi. Bibi alimlisha na kumwogesha, mimi nilizungumza naye. Hakuna aliyetufundisha. Maneno yetu yalijiotea yenyewe, moja baada ya jingine, kama majani uani. Kidole puani kilikuwa Bibi, kwa sababu ya kipini chake cha dhahabu. Kuvuta kidevu kulikuwa baba, kwa sababu ya ndevu. Mimi nilikuwa kidole kwenye nyusi, kwa kuwa nina kovu hapo. Mikono miwili juu ya kichwa ilikuwa kuvunjika, kwa sababu kila kitu kilipoanguka na kuvunjika nyumbani, Safia hakusikia mlio. Alichoona ni Bibi akishika kichwa na kufungua mdomo. Tulikuwa na maneno kama mia hivi. Tuliweza kukaa mchana kutwa nyuma ya nyumba, mvua ikipiga bati bila yeye kujua, tukisimuliana mambo ambayo hakuna mtu mwingine duniani angeyaelewa.

Kwa hiyo nyumba nzima ilinitegemea. "Mariamu, mwenzio anasema nini?" Swali hilo nililisikia mara ishirini kwa siku, nami nililipenda kuliko sukari. Mwanzoni nilitafsiri kwa uaminifu. Baadaye nikagundua kwamba ninaweza kusema chochote. Safia alitaka maji, mimi nikasema anataka muwa, kisha tukagawana huo muwa. Lilikuwa jambo dogo, na yeye mwenyewe alicheka. Lakini miezi michache kabla ya shangazi kuja, nilivunja chupa ya chai ya Bibi, ile yenye maua mekundu aliyopewa na dada yake wa Mengo. Bibi alipofika mlangoni alitukuta sote wawili tumesimama juu ya vigae vinavyometameta. Akauliza ni nani. Safia alinyoosha kidole kwenye nyusi, kisha akaweka mikono kichwani. Bibi akanigeukia, akauliza mwenzio anasema nini. Nikajibu: "Anasema samahani, Bibi. Imemponyoka."

Bibi hakumpiga. Alimkataza tu kuingia jikoni. Mtu asiyemjua Safia hawezi kuelewa adhabu hiyo ilikuwa na uzito gani. Jikoni ndiko alikokuwa na kazi: kumenya njegere, kumpa Bibi madonge ya unga moja moja, kuangalia chapati ikivimba. Sasa alikaa kizingitini, vidole vya miguu vikiishia pale pale penye mpaka, akitazama mgongo wa Bibi. Aliniangalia na mimi pia. Hakukasirika. Aliningoja, kama mtu anayemngoja mwenzake akumbuke kitu alichokisahau. Wiki zikapita, nami sikukumbuka.

Shangazi alipoanza masomo yake ya mazoezi, alinishangaza. Nilidhani atazifuta ishara zetu na kuleta zake. Badala yake alichukua daftari, akakaa na mimi kwenye mkeka na kuniomba nimfundishe kila neno tulilo nalo. "Chuoni wanatuambia tuanzie pale mtoto alipo," aliniambia. "Na hapa anayejua alipo ni wewe." Nilivimba kwa fahari. Nilimpa ishara za Bibi, baba, maji, mvua, paka wa jirani. Aliandika yote kwa mwandiko wake mzuri, kisha jioni akamwonyesha Safia ishara ile ile pamoja na ishara ya darasani, na picha katikati yao. Safia alizinywa kama ardhi kavu. Baada ya wiki tatu alikuwa na maneno nisiyoyajua mimi. Nilimwona siku moja na shangazi, mikono yao ikipaa na kutua kwenye mwanga wa baada ya mvua, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujua mdogo wangu anasema nini. Nikafikiri juu ya chupa ya chai, na siku ambayo atamsimulia shangazi.

Ndiyo maana tulipofika kwenye mikono miwili kichwani, na shangazi akaniuliza maana yake kalamu ikiwa tayari, nilisema: "Kuchoka." Akaandika kuchoka.

Mwisho wa likizo alikuja mkufunzi kumpima shangazi akifundisha. Alikuwa mama mnene, mpole, anayeitwa Madamu Akello. Alikulia kwenye nyumba za polisi kule Naguru, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huko, chepesi na cha moja kwa moja. Aliketi barazani na karatasi zake za alama mapajani. Bibi alisimama mlangoni na leso yake begani, kwa kuwa tangu asubuhi shangazi hakuweza kumeza hata chai, na Bibi alikuwa akimwombea. Bila alama nzuri siku ile, shangazi angerudia mwaka. Alipanga picha kwenye mkeka, akamwomba Safia achague moja na kuisimulia. Safia hakusita. Alimpita ng'ombe, akaupita mwavuli, akaiokota chupa ya chai.

Akaanza. Chupa. Kidole kwenye nyusi. Mikono miwili kichwani. Akarudia, polepole zaidi, akimtazama shangazi usoni.

"Mtoto nasema nini?" aliuliza Madamu Akello.

Shangazi alifungua daftari lake. "Anasema... chupa ya chai. Dada yake. Amechoka."

"Chupa nachoka?"

"Hapana, madamu. Labda dada amechoka... kwa sababu ya chai." Nilimwona akigeuza kurasa za daftari. Safia alitikisa kichwa kukataa, akarudia mara ya tatu, kwa nguvu, hadi kitambaa chake cha kichwani kikateleza. Madamu Akello alishusha macho na kalamu ikagusa karatasi. Nakumbuka kila kitu kilikuwa kimepungua mwendo: tone la maji kwenye ukingo wa bati, bawa la kuku uani, kalamu. Nilijua kwamba nikinyamaza, shangazi ataanguka na mimi nitapona.

"Si kuchoka," nilisema. Sauti yangu ilitoka nyembamba sana. "Ni kuvunja. Nilimdanganya shangazi. Safia anasema mimi ndiye niliyevunja chupa ya Bibi."

Shangazi alinitazama. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye nilikuja kuelewa kwamba ni ualimu: aliniacha, akamgeukia Safia, akamwonyesha ishara ya darasani ya kuvunja, akamrudishia sentensi yake yote ikiwa kamili. Dada amevunja chupa. Safia alishusha pumzi, mabega yakalegea. Akaongeza kwa mkono mmoja: mimi, hapana.

Bibi ndiye aliyesogea. Alipiga magoti kwenye mkeka kwa shida, akamuuliza shangazi bila kugeuka, "Rukia, nisamehe inasemwaje?" Shangazi akamwonyesha. Vidole vya Bibi vilikuwa vigumu, akakosea mara mbili. Safia alimshika mikono akamrekebisha, kisha akasimama, akampita, akaingia jikoni.

Shangazi alifaulu. Mimi sikuadhibiwa na mtu yeyote, ila kwa siku nyingi Safia hakuniambia kitu zaidi ya maji na asante. Jioni moja alikaa karibu nami, akanifundisha ishara ya upinde wa mvua, bila kutabasamu, kama mwalimu. Nilijua amenifungulia mlango kidogo.

Leo Safia ni fundi cherehani, ana watoto wawili, na simu yake ya video haikai na chaji kwa maneno mengi aliyonayo. Mimi niko mwaka wa mwisho wa mafunzo ya elimu maalumu, nimechelewa kuanza, mkubwa kuliko wote darasani. Tuna vitabu ambavyo shangazi hakuwa navyo, na video, na picha zilizochapwa kwa rangi. Mtaa wa Kisugu umejaa ghorofa, na mvua ya alasiri siku hizi haiji kwa saa yake. Wiki iliyopita, kwenye mazoezi ya kufundisha, mama mmoja aliyetoka Kongo alimleta mwanawe wa miaka mitano. Mtoto alivuta sketi ya mama yake, akamwambia jambo kwa mikono, ishara za nyumbani kwao. Nilizisoma mara moja, hazikuwa ngumu. Mama akanitazama kwa matumaini.

"Anasema nini, mwalimu?"

Jibu lilikuwa mdomoni, tamu kama zamani. Nililimeza. Niliketi chini kati yao na kusema, "Tumuulize mwenyewe, mama. Kuuliza ni hivi, nyoosha mkono." Akanyoosha.