Vikapu Vilivyomaliziwa

Mtaani walimwita Mama Chuo, kwa kumtania tu, maana haikupita siku asizungumzie chuo cha kusuka vikapu, na chuo chenyewe hakikuwepo. Kilichokuwepo ni chumba cha uani, beseni la kulowekea ukindu, na dada yake mkubwa.

Vikapu vyao vilikuwa na vitako viwili, cha ndani na cha nje, na katikati kulifichwa kifundo cha mwanzo. Mama Chuo alijua kusuka kila kitu ila kifundo hicho. Tangu utotoni alimwambia dada mtu, "Nianzishie, nitaendeleza," akaanzishiwa. Nani hujisumbua kujifunza kitu ambacho dada yupo wa kukifanya? Sasa dada kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Asubuhi anamwita Mama Chuo "mdogo wangu", jioni anamwita "mama".

Ndiyo maana ulipotangazwa ufadhili wa utafiti na mafunzo ya kazi za mikono, Mama Chuo aliuvalia njuga. Binti mmoja mtafiti aliahidi kuleta kamera na wanafunzi, mradi jopo la wafadhili lione kwamba kazi inafundishika. Walitaka vikapu vidogo vya mfano, vilivyoachwa wazi, kifundo kionekane. Dada mtu siku ya kuvisuka akili ilikuwa imetulia, akavianzisha vyote huku akiimba. Mama Chuo alikodoa macho, vidole vya dada vikamshinda mbio. Akajiambia haidhuru, atavikagua vikapu kwa nafasi, si vipo?

Siku ya wageni wa jopo kuja akaenda kuwasubiri barabarani, akamwacha dada na vikapu. Jamani, akili gani hiyo? Unamwachaje msusi wa miaka yote na kazi nusu, ukategemea atakaa mikono mapajani? Wageni nao wakachelewa mpaka alasiri.

Aliporudi nao, vikapu vyote vilikuwa vimefungwa vitako, vimekatwa ncha za ukindu, vimepakwa gundi na kukauka.

"Mgeni haonyeshwi kikapu nusu," dada mtu alisema, uso umemkunjuka kwa furaha. "Nimekumalizia."

 Mama Chuo akachukua kisu, akabandua kitako cha kimoja. Gundi ikatoka na kifundo, vipandevipande. Wajumbe walivisifu vikapu, wakageuzageuza, kisha wakasema kwa upole kwamba hii ni biashara nzuri, si mafunzo. Binti mtafiti akawaomba wasubiri kidogo, dada mtu aanzishe kimoja tu mbele yao. Wakakubali.

Dada mtu akapewa ukindu. Akaulainisha kwa kidole gumba, akaukunja, akaukunjua. Akaukunja tena upande wa pili. Mjumbe mmoja akatazama saa yake. Mama Chuo alikuwa amepiga magoti mbele ya mikono ile, hathubutu hata kupepesa macho.

Hatimaye dada mtu akamnyooshea ukindu.

"Nianzishie, mama," alisema. "Nitaendeleza."

Mama Chuo akaupokea, akabaki ameushika.