Nilivyomkalimania Profesa

Mkalimani hodari kama mimi hakuwapo Meru nzima, ndiyo maana bwana shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, alinikabidhi kwa profesa kutoka Uingereza. Huyu alichunguza jinsi watu wanavyofuatana kimawazo. Nikawahoji wakulima wa kahawa mmoja mmoja, kwa Kimeru, yeye akiandika. Wiki tatu nzima majibu yakawa yale yale.

"Hawa wana nia moja," nikamwambia, kifua mbele.

Akataka sababu. Nikamuuliza bibi wa mwisho kuhojiwa kwa nini wote wanajibu sawa.

"Mwanangu, umetuletea mgeni," akacheka. "Tungekuaibishaje mbele yake? Ukikunja uso, tunabadilisha jibu. Ukiitikia kwa kichwa, tunaishia hapo."

Profesa akainua kalamu. "Amesemaje?"

Kiingereza chote kikanikimbia. Nikamtazama bibi. Naye, taratibu, akaniitikia kwa kichwa.