Wimbo wa Siagi

Muhula ule niliapa: Kidato cha Tatu wasipofungua vinywa kwenye somo la fasihi simulizi, naomba uhamisho nirudi kwetu Taita. Fomu nilishaijaza nusu, ikakaa mkobani. Wasichana wangu wa shule ya Iftin, huku Kaskazini Mashariki, walinipenda, hilo nalijua. Walinibebea madaftari, wakaniombea dua nilipougua. Lakini nikiuliza swali, wote "ndiyo, mwalimu," hata pale jibu lilipokuwa hapana. Mmoja wa bweni, binti wa wafugaji kutoka Ijara, hata hiyo "ndiyo" hakuitoa. Alikaa kando ya dirisha mihula miwili nisiijue sauti yake.

Nikaona kosa ni la vitabu, vilivyojaa mambo ya bahari tu. Nikaingia mtandaoni. Jamani, nilihangaika! Tovuti moja inataka kadi ya benki, nyingine inataka neno la siri la chuo nisichosoma, ya tatu ina maandalizi mazuri ya somo, ila yote ni kuhusu theluji. Bando likiisha nanunua jingine, huku nalaani. Mwishowe nikaangukia hifadhi ya chuo kimoja cha ughaibuni, bure kabisa: mwanamke anaimba Kisomali, na chini yake imeandikwa kwamba ni bembelezi kutoka Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Nilifurahi hata nikampigia mume wangu simu.

Nikaucheza wimbo darasani kwa spika ndogo. Nikaeleza kwa mbwembwe jinsi mdundo unavyofuata mkono wa mama anayemtuliza mtoto.

"Sivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

Wakaandika yote, vichwa chini, mabega yakitikisika kidogo. Mimi nilidhani wameguswa.

Saa ya chakula mpishi wetu, ambaye wasichana humwita eedo, yaani shangazi, alinijia na upawa mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni.

"Wallahi mwalimu, hii si ya mtoto. Hii nyimbo ya kutikisa maziwa, ibate siagi."

"Mbona wasichana hawakuniambia?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu ni mkubwa. Wataanzaje?"

Niliona haya, nikakasirika, kisha nikacheka peke yangu. Kesho yake nikamleta eedo darasani na mtungi wa plastiki wenye maziwa. "Jana niliwafundisha uongo," nikasema. "Leo nisahihisheni." Eedo akaketi, akauweka mtungi mapajani, akaanza kuutikisa na kuimba. Darasa zima likaitikia. Nami nikaomba nijaribu, nikautikisa polepole, kwa adabu zote.

"Umekosea, mwalimu."

Sauti ilitoka kando ya dirisha, nzito kuliko nilivyodhania. "Hivyo siagi haitoki hata kesho. Leta." Akaja mbele, akaninyang'anya mtungi, akanieleza mshororo kwa mshororo: hapa mkono unakaza, hapa unapumzika, hapa ng'ombe anasifiwa. Nilitamani kumkumbatia. Badala yake nikapapasa mkobani nitafute karatasi, nianze kuandika kabla hajanyamaza tena.

Hifadhi ile niliiandikia, wakarekebisha. Uhamisho sikuomba. Fomu bado ninayo. Nyuma yake kuna maneno ya wimbo wote, kwa mwandiko wa binti yule wa dirishani, maana wangu aliuona unamchelewesha.