Pua Iliyoaminiwa Kuliko Kengele

Sehemu kubwa ya maisha yake alipika katika jiko la shule ya bweni, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Pua. Halikuwa jina la kejeli. Asubuhi moja alikataza mafuta ya debe jipya yasimiminwe sufuriani, akasema yamechanganyika na mafuta ya taa. Mtunza stoo alinusa, hakusikia kitu, akacheka. Debe likapelekwa kwa mwalimu wa sayansi, na yule mtunza stoo hakucheka tena. Tangu siku hiyo hakuna gunia wala debe lililovuka mlango wa jiko kabla ya yeye kuinamisha uso juu yake.

Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, katika nyumba ya ghorofa yenye gesi ya bomba. Mkwe wake alikuwa muuzaji katika duka la dawa, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni, naye alimwachia jiko bila kinyongo. Majirani waliosubiri vita ya wanawake wawili katika jiko moja walichoka kusubiri.

Kisha Mama Pua akaugua mafua makali. Yalimlaza, yakapita, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Aligundua siku ya kwanza aliyorudi jikoni, alipokata kitunguu. Macho yalimtoka machozi kama kawaida, lakini harufu hakuisikia. Akafungua chupa ya siki, akaisogeza hadi puani. Ilikuwa kama kunusa maji.

Hakumwambia mtu. Mpishi asiyenusa ni nani? Alijiuliza, na jibu alilojipa lilimtisha: ni bibi wa kukaa sebuleni, anayeletewa sahani na kuulizwa kama amekula. Basi akajifunza upya. Aliutegea wali sikio mpaka mlio wa maji ukatike. Maziwa aliyamwaga kidogo kiganjani, akayatazama kama yameganda. Chakula kiliendelea kuwa kizuri, wakala, wakasifu. Kila sifa aliipokea kama mtu anayevaa nguo ya kuazima.

Juu ya jiko lao kilining'inia kivuta moshi, chombo kipana cha bati kilichofumbata feni, cha kufyonza mvuke na moshi na kuvitoa nje. Ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita sensa, na kazi ya sensa hiyo ilikuwa kupiga kengele ikikutana na gesi iliyovuja. Asubuhi moja ikapiga. Mama Pua akakagua vifundo vya jiko, vyote vilikuwa vimefungwa. Akanusa, kwa mazoea tu. Akafungua dirisha, na kengele ikanyamaza.

"Mama, mimi nasikia harufu," mkwe wake alisema. "Kama yai viza. Hasa kabla ya kufungua dirisha."

"Pua yako bado changa, mwanangu. Hiyo ni mifereji ya huko chini."

Aliyasema hayo kwa tabasamu, na mwanawe akaongezea kwamba Mama akisema hakuna, hakuna. Kengele ilipopiga tena kesho yake mkwe hakusema kitu, ingawa harufu ilikuwa palepale. Huko kazini aliwauliza wenzake kama maumivu ya kichwa yanaweza kumletea mtu harufu isiyokuwepo. Wakamcheka, wakamuuliza ana mimba ya miezi mingapi.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, lakini alisoma katika shule ile ya bweni na kula kwa mkono wa Mama Pua. Alimwamkia kwa kuinama, akaulizwa kama siku hizi anamaliza maharage au bado anamsukumia mwenzake. Dirisha lilikuwa wazi. Alifungua kivuta moshi, akaikuta sensa imefunikwa na utando wa mafuta ya kupikia, akaisafisha, akaikausha, akairudisha. Ikatulia. Utando wa namna hiyo kweli huweza kuiharibu sensa, na kila mtu akaridhika.

Siku iliyofuata ilinyesha, madirisha yakafungwa, na kengele ikaanza tena. Fundi aliporudi ilimpigia usoni. Na yeye alisikia kitu chembamba puani. Akamtazama Mama Pua, akamuuliza kama anasikia harufu yoyote.

"Hapa hapana kitu," alijibu. "Kingekuwepo ningejua."

Mkobani mwa fundi mlikuwa na chupa ya maji ya sabuni. Kanuni ya kazi yake ni kwamba kabla ya kulaumu kifaa, unanyunyizia viungo vya bomba maji hayo. Penye uvujaji patatoa mapovu. Ni kazi ya dakika chache. Lakini kuitoa chupa ile mbele ya Mama Pua aliona ni sawa na kumwambia kwamba haamini neno lake. Akaiacha mkobani. Akachomoa waya wa sensa, akasema imekufa, ataagiza nyingine. Hivyo ndivyo watu waliolelewa vizuri wanavyoweza kufa kwa adabu: watatu walisikia harufu katika nyumba ile, maana hata mwana wa Mama Pua aliisikia, na wote watatu walizikana pua zao kwa kumheshimu mmoja asiyekuwa nayo.

Jiko likawa kimya. Mama Pua ndiye peke yake aliyejua kwamba kimya hicho hakikuwa amani. Kila asubuhi aliwahi kuamka kabla ya wengine ili afungue dirisha. Mtu anayeamini kwamba hakuna gesi haamki mapema kuitoa nje. Alijiambia ni joto tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kisingekuwa kifo cha mtu mmoja.

Sensa mpya ikafika. Fundi aliifunga, akasubiri ipate moto kama inavyotakiwa, nayo ikapiga kengele kama ile ya zamani. Safari hii hakuuliza. Alivuta jiko, akatoa chupa bila kumtazama mwenye jiko, akanyunyiza. Kwenye kiungo cha nyuma, pale bomba linapokutana na jiko, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Akafunga koki kuu, akafungua madirisha, akasema swichi yoyote isiguswe.

"Mama," alisema taratibu, "kweli hukusikia?"

Mama Pua akavuta kigoda akaketi. "Tangu yale mafua sisikii kitu. Hata kitunguu."

Fundi alisimama na chupa yake. Kisha akasema neno la huruma, na huruma nyingine ni mtego. Alisema hakuna haja ya wengine kujua. Atawaambia kiungo kimelegea leo, yeye mwenyewe alipokuwa anasogeza jiko. Lawama ataibeba yeye.

Mama Pua alilifikiria. Alikuwa amebakiwa na jina lake tu, na hapa alikuwa anarudishiwa bure.

"Ukisema hivyo," alijibu mwishowe, "yule mtoto wa watu ataendelea kudhani anaota. Alisema kweli nikamziba mdomo. Funga kiungo, baba. Maneno niachie mimi."

Fundi akabadilisha mpira wa kiungo uliokauka, akanyunyiza tena, povu likalala. Kabla ya kuondoka alikiri kwamba chupa ilikuwemo mkobani hata ile siku ya mvua.

"Ulinionea haya," alisema Mama Pua. "Usimwonee mtu haya mbele ya gesi, hata mimi."

Jioni aliwangoja mwanawe na mkwe warudi wote wawili, akawaeleza akiwa amesimama. Mwanawe alianza kusema labda alisahau, labda ni umri, lakini mama akamkata kauli. Hakusahau. Alidanganya, na mkewe alisema kweli.

Mkwe aliweka mkoba chini. "Nilidhani ni kichwa changu kinaharibika, Mama," alisema. "Nilikuwa naogopa kuwaambia ninyi." Akaingia chumbani, akaufunga mlango. Hasira ile ilikuwa haki yake, na Mama Pua hakuomba apunguziwe.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Mama Pua alibaki chumbani, kitanda kimetandikwa, mikono mapajani, akisubiri kuletewa sahani. Ilipokaribia saa sita mlango ukagongwa. Mkwe wake alisimama pale na mwiko mkononi.

"Mama, vitunguu viko motoni. Mimi sijui kukadiria moto wako."

"Na nani ataninusia?"

"Mimi. Ingawa pua yangu bado changa."

Mama Pua alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafunga kanga kiunoni, akamfuata jikoni, akainamia sufuria kwa mazoea, akakumbuka, akajiinua.

"Vimeanza kuungua?"

"Bado."

Akaviacha.