Muuza Majani ya Zabibu

Kila Jumanne, siku ninayompeleka mwanangu Mayar hospitali ya Yerusalemu kwa ajili ya moyo wake, namkuta kwenye kizuizi cha jeshi mama mmoja muuza majani ya zabibu, yale ya kufungia wali. Jina lake silijui. Vidole vyake ni vya kijani hadi kwenye kucha, na akiwa kwenye foleni huyapanga majani mafungu mafungu bila kuyatazama. Mwanajeshi anayefungua na kufunga mageti hatumwoni. Yumo nyuma ya kioo cheusi, tunasikia sauti yake tu kwenye spika. Lakini yule mama hujua geti litafungwa lini. Vidole hutulia, yeye hutega sikio kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili, na papo hapo taa huwa nyekundu.

Jumanne iliyopita kibali chetu cha kupita kilikuwa kinaisha saa nne asubuhi, na zilibaki dakika kumi. Zamu ilikuwa yake, mimi nikimfuata. Vidole vikatulia. Akanivuta mkono.

"Tangulia, binti. Upesi."

"Na wewe, mama?"

"Mimi hapa nimeshaota mizizi."

Nikapita na mtoto, vyuma vya geti la kwanza vikajifunga nyuma yangu. Spika ikauliza, kwa Kiarabu safi:

"Mama wa majani. Huwa unajuaje?"

"Huwa unavuta pumzi, mwanangu," akajibu, "kabla hujabonyeza."

Spika haikuzimwa. Mbele yangu geti la pili lilikuwa bado wazi. Sote tukasikia pumzi ikivutwa, taratibu. Nikakimbia na Mayar, na vyuma vikagonga nyuma ya visigino vyangu.